Sufuria ya Jirani

Nilimuuliza rafiki yangu mara mbili. Mara ya kwanza kwa simu, siku ya Alhamisi. Mara ya pili uso kwa uso, Jumapili mchana, tumesimama kwenye kizingiti cha mgahawa wake huku mke wangu akimsaidia mama yangu kushuka kwenye bajaji. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu baadaye alidai kwamba sikuuliza vizuri. Swali langu lilikuwa hivi: "Humo ndani ya chakula kuna kitu ambacho mama hali?" Naye akajibu, "Hakuna. Jibini, kitunguu saumu, ndimu, basi." Mara zote mbili jibu lilikuwa hilohilo, na mara ya pili alinitazama machoni.

Tumejuana tangu tuna miaka saba. Wao ni Walutheri wa milimani, upande wa Lushoto. Baba yake aliteremka kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Tanga mjini. Sisi asili yetu ni Pemba. Wazee wetu walipanga nyumba zilizopakana Chumbageni, na kati yetu palikuwa na ua wa makuti ambao kuku wa pande zote mbili hawakuutambua.

Marehemu mama yake alikuwa na sufuria ya enameli ya rangi ya bluu, yenye kifuniko kilichomenyeka ukingoni. Ilikuwa na msumari wake peke yake, mbali na vyombo vingine. Nyama ya nguruwe haikuwahi kuingia humo, wala upawa uliogusa nyama hiyo. Watu wa nyumba ile waliiita sufuria ya jirani, na jirani tulikuwa sisi. Krismasi ilipokaribia, baba yangu aliitwa kwenda kuwachinjia mbuzi na majogoo, ili nyama iwe halali kwa kila atakayekaa mkekani. Baba alipofariki, kazi hiyo ikawa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Rafiki yangu alishika miguu ya mbuzi, mimi nikashika kisu, na mama yake akasimama mlangoni na sufuria ile mkononi, akisubiri fungu letu. Hakuna aliyeliona jambo hili kuwa la ajabu. Nyumba nyingi za Tanga zimeishi hivyo, na sehemu nyingine mpaka leo zinaishi hivyo.

Mimi ni fundi wa mafriji. Shule niliishia darasa la saba. Ufundi nilijifunza kwa vijitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya maboksi, nikiwa na kamusi pembeni, neno kwa neno, mpaka nikaweza kusoma bila kamusi. Tabia hiyo imebaki. Jambo nisilolijua hunikera mpaka nilisome. Kwa hiyo rafiki yangu aliponiambia kwamba anafungua mgahawa wa fondyu, nilisoma fondyu ni nini.

Ni jibini iliyoyeyushwa ndani ya chungu kidogo cha chuma. Chungu kinawekwa mezani juu ya moto mdogo wa spiriti, na kila mtu anachoma kipande cha mkate kwa uma mrefu, anachovya, anakula. Ni chakula cha nchi zenye theluji. Nilisoma pia kwamba huko kilikotoka hupikwa kwa mvinyo mweupe, ingawa wapo wanaotumia maziwa na ndimu badala yake. Ndiyo maana niliuliza.

Yeye alikuwa amejifunza mapishi hayo akiwa mpishi katika nyumba ya wageni huko milimani, ambako jibini hutengenezwa na ambako jioni watu huvaa sweta. Baadaye akafanya kazi hotelini Mombasa. Aliporudi alivusha vyungu kumi na viwili mpakani pale Horohoro, akapanga nyumba ya zamani, akaipaka rangi nyeupe, akaning'iniza taa. Kiyoyozi nilimfungia mimi, kwa bei ya urafiki. Miezi miwili ikapita. Wageni wa kutoka nje walikuja wachache, na watu wa mjini hawakuja kabisa. Ndipo akanipigia simu ile ya Alhamisi.

"Nataka mama aje," alisema. "Mama yangu hayupo. Nani mwingine ataubariki mlango wangu? Njooni Jumapili, wewe na shemeji na mama. Karibuni mle kwangu."

Mama yangu ana zaidi ya miaka sabini. Amefundisha watoto Kurani barazani kwetu tangu mimi ni mdogo, na wengi wa akina mama wanaoleta watoto wao sasa waliwahi kukaa kwenye jamvi lilelile. Hali nje ya nyumba. Si kwa ubaya. Anasema chakula asichokijua aliyekipika hakimkai tumboni. Nilipomfikishia mwaliko alikuwa anakuna nazi.

"Mkahawani?" aliuliza. "Kwani jiko letu limebomoka?"

"Ni kwa mwanao, mama. Ndiye anayetualika."

"Na kinalika hicho chakula?"

"Nimemuuliza. Kinalika."

"Kama weye umeuliza, twende," alisema, akaendelea na nazi yake.

Basi alikwenda kwa neno langu, na mimi nilikwenda kwa neno la rafiki yangu.

Ilikuwa Februari, na wanaoijua Tanga wanalijua joto la Februari yake. Mama alivaa buibui jipya. Rafiki yangu alimpokea kwa mikono miwili. "Shikamoo mama," alisema, akiwa ameinama kama alivyoinama utotoni. "Marahaba, mwanangu. Umenenepa, alhamdulillahi," mama akamjibu.

Tulipoingia mama akasimama ghafla katikati ya chumba. Ukutani rafiki yangu alikuwa ametundika vitu vya zamani ili kupamba: chungio, kinu kidogo, taa ya kandili. Katikati yake, sufuria ya bluu.

"Ile si sufuria yetu?"

"Ndiyo hiyo, mama. Sikuweza kuiacha."

Mama aliitazama kwa muda. Kisha akavuta kiti mwenyewe, bila kusubiri kuvutiwa, akakaa chini yake. "Basi hapa niko nyumbani," alisema. "Lete hicho chakula chako."

Chungu kililetwa baada ya dakika arobaini. Kiliwekwa mezani pamoja na sahani ya mkate uliokatwa vipande kama dadu, viazi vinne vidogo vya kuchemsha na matango ya siki. Mkate ulikuwa wa jana. Vipande vilikuwa ishirini na vinne kwa watu watatu. Huwa nahesabu vitu bila kukusudia. Moto ulizimika mara tatu, kwa sababu meza ilikuwa mbele kabisa ya upepo wa kiyoyozi. Nilipendekeza tuhame. Rafiki yangu akasema hapana, hapo ndipo penye mwanga mzuri. Sikuelewa mwanga mzuri unahusiana vipi na kula.

Kila moto ulipozimika jibini ilifanya utando juu na kushikana chini. Ukichovya mkate, inakuja na uzi mrefu ambao haukatiki, unaning'inia kati ya chungu na kidevu. Ladha yake ilikuwa ya chumvi, na nyuma ya chumvi palikuwa na uchachu. Mimi sijawahi kuonja pombe maishani mwangu, kwa hiyo sikuwa na kipimo cha kupimia uchachu ule.

Mke wangu ni Mdigo, na ulimi wake hauna likizo. Alikitazama chungu, akatazama sahani, akauliza taratibu, "Hiki ni kionjo, au ndicho chenyewe?"

"Ndicho chenyewe, shemeji. Huko Ulaya wanakaa nacho saa tatu."

"Hawana kazi," akasema mke wangu.

Mama alikuwa ameinua ule uma mrefu, anauchunguza. "Kwetu kwa chuma hichi tunachokolea pweza," alisema. Akauzamisha chunguni, mkate ukachomoka ukazama. Rafiki yangu akacheka, akaeleza kwamba kwa desturi ya wenyewe anayedondosha mkate lazima aimbe wimbo.

"Miye naimba kasida tu. Utazitaka wateja wako wazisikie?"

Tulicheka wote. Nataka kuliandika hilo pia, kwamba tulicheka, na kwamba wakati ule nilikuwa na furaha ingawa chakula kilikuwa kibaya. Mama alikula vipande sita. Najua hakuvipenda, maana chakula akipendacho hula kimyakimya, na pale alikuwa anaongea. Alikula kwa heshima ya aliyempikia. Kwenye kipande cha nne alitulia, akamumunya, akasema, "Kina uchachu."

"Ni ndimu hiyo, mama," alisema rafiki yangu.

Hilo alimwambia mama mwenyewe, si mimi. Kisha akatoa simu akampiga picha, mama ana uma mkononi na uzi wa jibini unaning'inia, na sufuria ya bluu iko juu ya kichwa chake. Mwanga, kweli, ulikuwa mzuri.

Halafu ikaja hesabu, ndani ya kijalada cha ngozi. Sikuitarajia. Pwani mtu akikwambia karibu ule kwangu, huendi na pochi, unakwenda na mkono uliooshwa. Shilingi laki moja na thelathini na tano elfu. Kwa fedha hiyo Pongwe ningepata mbuzi mwenye pembe. Mke wangu alikisoma kile kikaratasi begani kwangu.

"Tulikaribishwa," akaninong'oneza, "au tulikamatwa?"

Rafiki yangu alikuwa amesimama karibu. "Soda sikuziweka," alisema. "Unajua mwenyewe biashara ndiyo inaanza."

Nililipa kwa simu, nikanyamaza. Naamini ningenyamaza mpaka leo. Mkate wa jana, moto unaozimika, bei ya mbuzi, yote hayo ningeyaweka katika fungu la mambo ambayo mtu humvumilia rafiki yake. Tulikuwa tunainuka aliponishika kiwiko. "Kabla hujaondoka, niangalizie friji la jikoni. Linapiga kelele." Hilo nalo nililiona la kawaida. Fundi haalikwi mahali bila kuonyeshwa kitu kibovu.

Jikoni palikuwa na mpishi, mwanamke wa makamo kutoka Muheza, anaosha vyungu. Tulisalimiana. Nilifungua friji, nikalikuta tatizo mara moja: skrubu ya feni ilikuwa imelegea. Mlangoni mwa friji palikuwa na boksi la mvinyo mweupe lenye bomba dogo, limebaki nusu.

"Hii ni ya wageni?" nilimuuliza.

"Hapana, kaka, wageni wana chupa zao. Hiyo ni ya kupikia. Vikombe viwili kila chungu. Bila hiyo jibini inakuwa kama raba ya kandambili."

"Na chungu cha meza yetu?"

"Vyote ni kimoja, kaka. Nachanganya asubuhi, halafu napakua." Akanitazama, akaona kofia yangu, akaacha kuosha. "Bosi alisema mnajua."

Nilimaliza kuikaza ile skrubu, kwa kuwa ilikuwa imelegea. Nikafunga friji. Kelele ikakoma.

Nilimkuta rafiki yangu uani nyuma, anaandika kitu kwenye simu.

"Ulisema ndimu," nilimwambia.

"Ndimu imo."

"Na mvinyo umo."

Hakushtuka. Alishusha pumzi, kama mtu aliyekuwa anaingojea hiyo na sasa imefika. "Ile inapaa yote na moto. Wewe fundi, mambo ya mvuke unayajua kuliko mimi. Inabaki ladha tu."

"Haipai yote. Nimesoma. Na hata kama ingepaa, mbona hukusema?"

"Ningesema msingekula."

"Hiyo ndiyo sababu ya kusema."

Alizungumza haraka, kwa sauti ya chini. Alisema ameweka akiba yake yote mle ndani. Alisema watu wa mji hawavuki mlango wake, wanasema humo ni mvinyo na kitimoto tu, lakini nguruwe yeye hajawahi kupika hata siku moja. Akasema wakimwona mama, mwalimu wa watoto wao, anakula pale, wangekuja. "Picha moja tu," alisema. "Mama ni mama yangu pia. Nilijua angenisaidia."

"Kama ulitaka msaada wake, si ungempikia kwa maziwa?"

"Kwa maziwa haitoki vizuri."

"Haikutoka vizuri hata hivyo."

Hapo ndipo alipokasirika. Akasema mimi sikuuliza vizuri. Ningetaja mvinyo kwa jina lake angenijibu. Nilimtazama mtu huyu niliyemjua miaka zaidi ya arobaini, nikaona kwamba jibu hilo alikuwa amelitayarisha mapema, pengine tangu Alhamisi. Picha ilikuwa imeshawekwa mtandaoni. Chini yake aliandika: Mwalimu wetu wa madrasa, Chumbageni, akifurahia fondyu. Nilimwambia aifute. Akasema atafikiria.

Nyumbani nilikaa na jambo hilo mpaka asubuhi. Mke wangu alishauri ninyamaze. Mama alikula bila kujua, na asiyejua hana dhambi. Kumwambia ni kumtia doa ambalo halikuwepo. Nililipima shauri hilo kwa uzito wake wote. Kama isingekuwa ile picha, ningelifuata. Lakini akina mama wa wanafunzi wake wangeiona, wangekwenda mle kwa kumwamini, na wao wangeambiwa ndimu.

Nilimwambia baada ya chai. Alikuwa ameweka ungo mapajani, anachambua mchele.

"Alijua?" aliuliza.

"Alijua."

"Na weye ulimuuliza?"

"Mara mbili."

Alichambua kidogo, akatoa jiwe, akalitupa. "Miye sikuuliza kitu," alisema. "Niliona sufuria." Alikwenda kusukutua mdomo, akarudi kwenye mchele wake. Alasiri watoto walipokuja aliwaambia warudi wakawaite mama zao, nao walipofika mama aliwaambia mwenyewe, akiwa amesimama: alikula mahali fulani, chakula kile kilikuwa na mvinyo, hakujua, sasa anajua, na wao wasiende kwa sababu yake. Sijawahi kumwona mama akisimama mbele ya watu kujieleza. Alipokaa alikuwa anahema.

Kisha akaniita. "Kamwambie anipe ile sufuria. Mama yake aliiita ya jirani. Jirani anaitaka."

Nilikwenda siku ya pili yake. Picha alikuwa ameshaifuta. Alinionyesha simu kabla sijasema lolote. Nilipomweleza kilichonileta alijaribu kucheka. Akasema ile ni pambo, wateja wanaipenda. Akasema ni kumbukumbu ya mama yake.

"Ni kumbukumbu ya mama yako, kweli," nilimwambia. "Mama anaikumbuka vizuri kuliko sisi wawili."

Alileta kiti, akapanda, na bisibisi mkononi. Nilidhani sufuria imetundikwa kwa mpini wake, kama zamani. Kumbe alikuwa ameitoboa kwa drili katikati ya kitako, akaifunga ukutani kwa skrubu nene, mdomo ukitazama chumbani. Alipoishusha mwanga wa dirisha ulipita kwenye lile tundu. Alinipa bila kunitazama, na kifuniko kikiwa ndani.

Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza. Akatia kidole tunduni, kikapita.

"Naweza kuiziba," nilimwambia. "Ribiti moja na risasi kidogo. Haitavuja."

"Utaweza," alisema. Akaiweka chini ya kitanda chake, na hajanipa niizibe.

Mgahawa ulifungwa mwezi wa nane. Sikufurahi, wala sikusikitika kama nilivyotarajia. Tukikutana njiani tunasalimiana, anauliza hali ya mama, namwambia hajambo. Yeye haji. Mama hamtaji.

Desemba nilipata ujumbe kutoka kwa dada yake mkubwa, ambaye hajui yote, au anajifanya hajui. Mbuzi amepatikana, nije asubuhi kama kawaida. Nilikaa na ujumbe ule siku nzima. Kwenye nyumba ile bado wanakula majirani wengine wa Kiislamu, kina mama na watoto, na nisipokwenda watakula kilichochinjwa na nani? Nilinoa kisu.

Alikuwepo. Alishika miguu ya mbuzi, kama zamani, na kama zamani alijua wapi pa kukandamiza ili mnyama asiteseke. Nilimgeuza mbuzi kibla, nikasoma bismillahi, nikachinja. Tulisubiri mpaka damu ilipokwisha. Nilifuta kisu kwa majani, nikakizungushia gazeti.

"Utakaa ule?" aliniuliza. Alikuwa bado amechuchumaa, mikono juu ya magoti.

"Nimeshakunywa chai," nilimwambia.

Nilikuwa sijanywa, na yeye alijua. Nilichukua kisu changu, nikapitia mlango wa uani, nikarudi nyumbani kunywa chai.